Kuuvika Udongo: Habari za Mazao ya Kufunika Ardhi katika Nchi ya Mbulu

Msafiri atokaye Babati kwenda Mbulu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa penye Dareda, na akishapita Dongobesh huwa amekwisha kuingia katika nchi ya vilima, baridi na mashamba madogo madogo. Akipita mwezi wa Februari au Machi, mvua zikiwa zimekolea, ataona jambo ambalo mgeni aweza kulidharau. Chini ya mahindi yamejaa maharage. Maboga yametambaa kila upande. Hapa na pale mtama umechomoza peke yake kama mtu aliyepotea njia. Aliyezoea kuona mashamba ya mistari iliyonyooka, yenye udongo mtupu uliopaliliwa ukang'aa, huenda akasema kwamba mwenye shamba hili ni mvivu. Katika insha hii twakusudia kueleza kwamba mgeni huyo amekosea, na kwamba kosa lake ni la zamani, limepata kufanywa na watu wenye madaraka makubwa, nalo limeigharimu nchi yetu udongo mwingi.

Kwanza yafaa tuelewe kazi inayofanywa na majani hayo yaliyolala chini. Tone la mvua lianguapo juu ya udongo mtupu huupiga kama nyundo ndogo. Chembe za udongo huruka, zile laini huziba vitundu ambamo maji yangepenya, na juu ya shamba hufanyika ganda gumu. Maji yakikosa pa kuingia hutiririka, nayo hutiririka na udongo wa juu, ambao ndio wenye mboji na chakula cha mimea. Jani likiwapo, tone huvunjika juu ya jani, kisha maji hushuka taratibu. Mizizi hupasua njia za maji ardhini. Kivuli huwapa nyungunyungu na wadudu wengine wadogo mahali pa kuishi. Na majani yakioza hurudi kuwa mboji. Mimea ya jamii ya kunde ina faida ya ziada, kwani katika vifundo vya mizizi yake wamo bakteria waichukuao nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mwalimu aweza kuonyesha sehemu ya jambo hili kwa vifaa vya kuokotwa: makopo mawili yaliyotobolewa matundu, yajazwe udongo ule ule, moja lifunikwe majani makavu na jingine liachwe wazi, kisha yote mawili yanyunyiziwe maji sawasawa kutoka juu kwa muda mrefu. Wanafunzi wataona wenyewe ni kopo lipi linaloanza kufurika maji ya tope.

Wazee wa Irqwar Da'aw hawakuyajua majina ya bakteria, walakini matokeo yake waliyajua vizuri.

Irqwar Da'aw, ambayo katika vitabu vingine huitwa Mama Isara, ndiyo nchi ya asili ya Wairaqw kama wao wenyewe waihesabuvyo. Ni milima iliyo kusini-mashariki ya mji wa Mbulu, penye Kainam na Murray, kwenye kimo kipatacho mita 2,000 juu ya bahari. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi, tofauti kabisa na lugha za Kibantu za majirani zao wengi, na tofauti pia na lugha ya Wadatoga walio wafugaji. Katika milima hiyo miinuko ni mikali na mashamba yako juu ya miteremko, mahali ambapo kwa kawaida twatazamia kuona udongo umekwisha kuchukuliwa na maji. Hata hivyo watu wamelima hapo vizazi vingi, nao wangali wanalima.

Walifanyaje? Nyasi na magugu ya shambani hayakuchomwa. Yaligeuzwa pamoja na udongo wake yakalazwa chini, yakafanywa matuta yaliyokingama na mteremko, yakaoza humo humo yakawa chakula cha zao lililofuata. Mazao yalichanganywa ili udongo usikae wazi: mtama na ulezi tangu zamani, kisha mahindi, maharage na maboga. Mabondeni, ambako maji husimama, walichimba mifereji ya kuyaondoa na kuinua matuta ya viazi vitamu, na viazi hivyo vilitanda vikaifunika ardhi hata wakati wa kiangazi. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na samadi yao ilibebwa kupelekwa shambani, kikapu baada ya kikapu. Mwenye ng'ombe wengi alimkopesha jirani asiye nao. Jirani akapata maziwa na samadi, mwenye mali akapata mtu wa kumtunzia. Wengi huona katika desturi hiyo ukarimu tu. Sisi twaona kwamba kwa njia hiyo samadi ilifika katika mashamba ya watu wengi, badala ya kurundikana kwa tajiri mmoja.

Tena ardhi haikuwa jambo la mtu na mkewe peke yao. Watu wa eneo moja walikuwa aya moja, yenye mipaka yake, wazee wake na ibada zake za kuitakasa nchi. Mambo yaliyowahusu wote, kama malisho, maji na kuhamia nchi mpya, yalizungumzwa katika mkutano wa wazee. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Swali ambalo wanachuo wamelijadili ni hili: kwa nini watu hawa walijitia katika kazi nzito namna hii? Jibu la kwanza, ambalo lilirudiwa katika vitabu kwa miaka mingi, ni kwamba walizingirwa. Wamasai walitawala mbuga, Wadatoga nao walikuwa upande mwingine, na Wairaqw wakajibana milimani. Nchi ikawa ndogo, watu wakawa wengi, ikawalazimu kuutunza udongo. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini lina kasoro kubwa, kwani linamfanya mkulima kuwa kama panya aliyebanwa katika kona. Mwaka 2004 mwanachuo wa Sweden, Lowe Börjeson, alilichambua katika kitabu chake juu ya kilimo cha milima ya Mbulu, akaonyesha kwamba mashamba yale hayakuzaliwa na hofu tu. Yalijengwa polepole, msimu baada ya msimu. Tuta la mwaka huu liliwekwa juu ya kazi ya mwaka jana, na mtoto akarithi udongo uliokwisha kunoneshwa na babu yake. Sisi twaelekea kuukubali usemi huo. Hofu yaweza kumkimbiza mtu mlimani, lakini haimfundishi namna ya kugeuza nyasi kuwa mboji.

Walakini katika habari hii limo jambo lisilopendeza, nasi hatuna budi kulisema. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, nguvu za Wamasai zikapungua, kisha utawala wa Wajerumani ukaingia. Njia ikafunguka. Wairaqw wakaanza kushuka kutoka milimani, kidogo kidogo, kisha kwa wingi: kaskazini kuelekea Karatu, kusini kuelekea Dongobesh na nchi ya Hanang, na magharibi kuelekea bonde la Yaeda. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, vichaka vilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na nchi kama ya Haydom ikapata wakulima wengi. Hospitali ya Kilutheri ya huko ilifunguliwa mwaka 1955. Masieda nayo imo katika sehemu hizo za magharibi, nje ya kiini cha Irqwar Da'aw.

Sasa, watu walioshuka walikuwa ni wana wa wale waliokuwa wakibeba samadi. Je, waliuchukua ufundi wote wakashuka nao? La. Waliuchukua nusu. Maharage na maboga yaliendelea kupandwa pamoja na mahindi, maana hayo ni chakula. Lakini kazi nzito za kugeuza nyasi, kukinga matuta na kubeba samadi hadi shamba la mbali zililegea. Nchi ilikuwa tele. Shamba likichoka, jingine lilikuwapo. Ng'ombe walipata mbuga pana, wakalala zizini mbali na shamba. Baadaye likaja jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambalo hulima eneo kubwa kwa siku moja na kuliacha wazi lote likingoja mvua. Hatuwalaumu. Mtu yeyote apimaye nguvu za mikono yake angefanya vivyo hivyo. Twataka tu wanafunzi wajue kwamba maarifa ya kutunza udongo hayakai katika damu ya kabila fulani. Hukaa katika kazi, na kazi hufanywa pale inapolipa.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mtazamo wake. Katika miaka ya 1930 upepo ulipeperusha udongo wa mbuga za katikati ya Marekani, mbuga zilizokuwa zimelimwa ngano mfululizo na kuachwa uchi, na habari za vumbi hilo zikawatia hofu maofisa wa makoloni yote ya Uingereza. Kuanzia hapo mmomonyoko ukawa neno la kila ripoti. Lakini katika Mbulu palitokea jambo la ajabu. Mwaka 1938 bwana shamba Mwingereza, B. J. Hartley, aliandika makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki akieleza njia ya wenyeji wa Mbulu ya kuulinda udongo, kama jambo la kufaa kujulikana. Maarifa ya Kainam yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa Kiingereza, katika jarida lililosomwa na mabwana shamba wenyewe. Miaka kumi baadaye, mpango wa maendeleo wa Mbulu ulipoanzishwa, sura iliyoonekana kwa wananchi ilikuwa ni amri: watu walitakiwa kupunguza ng'ombe wao na kufuata kanuni za matumizi ya ardhi zilizotungwa ofisini.

Mahali pengine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Uluguru, mwaka 1955, amri ya kuchimba matuta ya ngazi ilizusha ghasia, na mpango ukaanguka. Na si kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na ufundi wao. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na ngoro zao: majani hukatwa yakapangwa kwa umbo la mraba, udongo ukatiwa juu yake, na mashimo yabakiayo katikati hunasa maji ya mvua, huku maharage yakipandwa juu ya kingo. Wafipa nao hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo. Amri ilipokuja kwa viboko na faini, hifadhi ya udongo ikapata jina baya, na jina hilo lilikaa muda mrefu baada ya bendera ya mkoloni kushushwa mwaka 1961.

Hatuwezi kuruka Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1974 na 1976 ilifika pia katika nchi ya Wairaqw. Makusudi yake yajulikana: shule, zahanati na maji yafikishwe karibu na watu. Lakini katika kilimo tulichokieleza, nyumba, zizi na shamba vilikuwa kitu kimoja. Nyumba zikikusanywa mahali pamoja, samadi hubaki kijijini na shamba hubaki mbali. Aliyewahi kubeba kikapu cha samadi mbichi akipandisha mlima atajua mara moja tatizo liko wapi.

Huku wakulima wadogo wakihamahama hivyo, upande wa Hanang kulikuwa na jaribio kubwa kupita yote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, nyanda za Basotu zilianza kulimwa ngano kwa mashine, na hatimaye yakawapo mashamba saba ya shirika la umma la NAFCO, Mulbadaw, Setchet na Murjanda yakiwa miongoni mwayo. Zaidi ya ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig zilichukuliwa. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani; mwaka 1984 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyowapa haki kwa sehemu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua. Hatuwezi kuyaeleza yote ya kesi hiyo hapa, ingawa yastahili insha yake. Tunalotaka kulitazama ni udongo. Wabarbaig walikuwa wakihamisha ng'ombe wao kutoka malisho ya aina moja hadi aina nyingine kwa majira, na nyasi zilipata nafasi ya kuota tena. Ngano ilipopandwa, zao likawa moja, mashine zikawa nzito, na baada ya mavuno eneo lisilo na mwisho kwa macho likabaki bila jani bichi. Mvua zilipokuja, makorongo yalichimbika. Ngano ilipatikana kwa wingi, hilo hatulikani, na nchi iliihitaji. Lakini udongo uliolipia mkate huo haukuandikwa katika hesabu yoyote.

Baada ya hayo mtazamo wa wataalamu ulianza kugeuka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa sasa hufundisha kilimo hifadhi, ambacho sharti lake moja ni kwamba angalau asilimia 30 ya uso wa shamba ifunikwe kwa mimea au mabaki yake. Masharti mengine ni kutoivuruga ardhi bure na kubadilisha mazao. Katika Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, tatizo lililowasukuma wakulima lilikuwa ni tabaka gumu chini ya udongo, lililofanywa na plau kupita kina kile kile mwaka hata mwaka. Maji hayapenyi hapo, wala mizizi. Dawa mojawapo iliyojaribiwa ni kupanda ngwara au mbaazi kati ya mistari ya mahindi. Ngwara hutambaa ikaifunika ardhi yote, na majani yake ni mboga. Mbaazi hutuma mzizi chini sana, hupasua kile kigumu, kisha hudondosha majani yake juu ya shamba. Zaidi ya hayo, mahindi yakishavunwa, mbaazi husimama; ardhi haikai uchi katika miezi ya kiangazi.

Wenye mizabibu nao wamefika pale pale kwa njia nyingine. Katika Ufaransa na nchi nyingine za divai kulikuwa na wakati ambapo udongo kati ya mistari uliachwa mweupe kabisa, kwa jembe au kwa dawa za kuua magugu, mpaka miteremko ikaanza kumomonyoka. Siku hizi wengi hupanda hapo nyasi au mimea ya jamii ya kunde. Kwetu Dodoma, ambako mizabibu iliingia kupitia kwa wamisionari Wakatoliki, mvua ni haba, hivyo mmea wa kufunika waweza kugeuka mwizi wa maji. Hapo mkulima hana budi kuukata mapema kabla ya kiangazi na kuulaza uwe matandazo. Twaeleza hayo ili ieleweke kwamba hakuna mmea mmoja ufaao kila mahali. Kainam yenye ukungu na Dodoma yenye jua kali hazitavikwa nguo moja.

Msomaji aweza kusema: basi, jambo limekwisha, na watu wa Masieda wapande mbaazi. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Mbaazi hazikupendwa na wakulima wa Manyara kwa ajili ya udongo peke yake. Zilipendwa kwa sababu zilinunuliwa, na mnunuzi mkuu alikuwa India. Mwezi wa Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zitokazo nje, bei katika Tanzania ikaporomoka, na wako wakulima waliokosa sababu ya kupanda tena. Kwa hiyo afya ya udongo ulio juu ya ukuta wa Bonde la Ufa ilitegemea, japo kwa sehemu, uamuzi uliotolewa ng'ambo ya bahari na watu wasiowahi kulisikia jina la Mbulu. Ngwara na maharage, ambayo huliwa nyumbani, hayatikiswi sana na soko kama hilo, na pengine ndiyo maana wazee walianza na chakula.

Liko na jambo la pili, nalo ni gumu kuliko bei. Kwa desturi, mahindi yakishavunwa shamba hufunguliwa. Ng'ombe wa mwenye shamba na wa jirani huingia kula mabua, na wala hapana anayeona kosa. Desturi hiyo ni ya haki kwa namna yake: mwenye ng'ombe hupata malisho wakati wa ukame, mwenye shamba hupata kinyesi kidogo. Lakini kila bua linaloliwa limeondolewa juu ya udongo, na mbaazi iliyobaki imesimama haina mlinzi. Mkulima mmoja akitaka kulivika shamba lake mwaka mzima, huwa kama anawanyima majirani haki waliyoizoea, nao humwona mchoyo. Wala hawezi kuzungushia ugo kila upande. Miti ya kutosha ataipata wapi?

Hapa ndipo ile habari ya aya inaporudi. Zamani lilikuwapo baraza lenye uwezo wa kusema ni malisho gani yafungwe na yafunguliwe lini, na watu wakatii kwa sababu wao wenyewe walikuwamo katika baraza hilo. Siku hizi uwezo huo uko kwa serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, ambavyo kwa sheria vyaweza kupendekeza sheria ndogo. Vijiji vingine nchini vimekwisha kujaribu kuzuia mifugo mashambani kwa njia hiyo, vingine vikafaulu na vingine vikagombana. Katika kijiji chenye wakulima na wafugaji mkutano wa namna hiyo hauwezi kuwa mfupi. Mahindi huvunwa kuanzia Julai. Mbaazi hukomaa mwezi wa Agosti na Septemba. Na ng'ombe wana njaa tangu siku ya kwanza ya mavuno. Watu watabishania majuma hayo manane, nani atakayelisha mifugo ya nani, kwa majani yatokayo wapi, na aliyepanda ngwara tele atoe kiasi gani kwa jirani ambaye ng'ombe wake wamezuiwa mpakani.